Kurudi Barabarani Bila Kilo Hamsini na Nne

Jumatatu, 5 Mei 2025

Pikipiki imeniangukia. Haikuwa inatembea. Ilikuwa imesimama uani kwa stendi yake, nami juu yake nimetulia kama mtu anayepigwa picha. Nikaiinamisha kidogo kupima uzito wake, ikamalizia yenyewe. Tukalala chini wote wawili, kuku wakitutazama. Zamani nilikuwa naiinua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika muhogo wa kuchoma.

Daftari hili nimelianza leo na halinijui, kwa hiyo niandike mambo kwa mpangilio. Naitwa Apolinari. Nauza pembejeo na dawa za mifugo hapa Shinyanga mjini. Miezi saba iliyopita nilikuwa na kilo mia moja hamsini na moja. Springi za nyuma za pikipiki zilikatika mara mbili, na mara ya tatu fundi akaniambia kwa heshima zote kwamba tatizo si springi. Daktari naye akasema sukari na presha zinashindana nani aniue kwanza. Nikaenda Dar, nikapasuliwa, wakakata sehemu kubwa ya tumbo. Lililobaki linalingana na ndizi moja. Sasa nina kilo tisini na saba.

Wanaojua ni watatu tu: mke wangu Febronia, binti yetu Nelly, na Noela, muuguzi anayenipima kila mwezi. Wengine wote niliwaambia nimekwenda semina ya pembejeo. Mwanamume mzima wa Shinyanga aliyekatwa tumbo ili asile, atajieleza kwa nani?

Sasa haraka yangu. Nelly anaolewa tarehe ishirini na nne na kijana Edson wa Didia. Bibi harusi atasindikizwa kwa msafara wa pikipiki kutoka hapa hadi kanisani Didia. Nelly alipokuwa na miaka sita nilikuwa nampandisha mbele yangu, juu ya tangi la mafuta, na siku moja nikamwahidi kwamba akiolewa msafara wake nitauongoza mimi. Leo nasikia msafara umeshapewa kiongozi. Donatus. Baba mdogo wa bwana harusi, mnunuzi wa dhahabu kule Mwakitolyo, mwenye pikipiki mpya yenye taa mpaka kwenye tairi.

Haitawezekana.

Noela ameniruhusu kuendesha, ila kwa masharti. Nile kwanza. Maji ninywe funda kwa funda njia nzima. Nisizidishe dakika ishirini mpaka misuli irudi. Febronia aliposikia masharti hayo akaficha ufunguo. Nikamwambia betri inahitaji kuwashwa kidogo isife. Akanipa. Dakika tano baadaye akatoka nje akanikuta chini ya pikipiki. Ameuchukua tena.

Jumatano, 7 Mei

Nimeupata. Nimechukua ufunguo wa kabati la zamani la marehemu mama, nikauweka kwenye mkoba wa Febronia, nikatoa wa pikipiki. Kwa mbali zinafanana. Kwa karibu hazifanani hata kidogo, lakini Febronia haangalii kwa karibu kitu anachoamini kipo.

Safari ya kwanza: kutoka nyumbani mpaka kituo cha mafuta. Matatizo mawili.

La kwanza, suruali. Nimefunga mkanda mpaka tundu la msumari nililotoboa mwenyewe. Kwenye tuta la pili suruali ikabaki kwenye kiti, mimi nikasimama kwenye vikanyagio. Akina mama wa nyanya wakageuza nyuso. Mmoja hakugeuza.

La pili, helmeti. Sikujua kwamba hata kichwa hukonda. Nilipogeuka kutazama kushoto, mimi niligeuka, helmeti ikabaki inatazama mbele. Nikaendesha hatua kama thelathini nikiangalia sponji. Nilisimama salama kwa sababu kulikuwa na marundo ya mchanga wa kujengea.

Aliyekuja kunitoa mchangani ni Donatus. Alianza kunifokea kama anayemfokea mgeni, akiuliza leseni nimepewa na nani. Nikavua helmeti. Akanitazama juu mpaka chini, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema pole sana, mkwe. Nikamwambia nimeteleza tu. Akasema anaelewa, hakuna haja ya kueleza, Mungu anajua. Kisha akaizunguka pikipiki yangu polepole na kuuliza kama nimeshaandika mahali popote nani atabaki nayo.

Ijumaa, 9 Mei

Mji mzima unanizika.

Asubuhi mteja amekuja kununua dawa ya kupe. Akaniona, akatoka nje, akarudi amevua kofia. Mwingine ameniletea maziwa ya mgando na kuniambia nijitahidi kula. Mwenye duka la jirani amezima redio. Nimemwomba aiwashe, akaiwasha, akaweka kwaya.

Lakini hayo si kitu. Mchana Febronia amepigiwa simu kutoka Didia. Bibi Mbuke, bibi yake Edson, ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye ukoo ule. Amesikia kwa Donatus kwamba baba wa bibi harusi amekwisha. Anaomba harusi isogezwe mbele mpaka ijulikane hali yangu inaelekea wapi. Amesema kwa upole sana. Amesema hataki kuharakisha mambo.

Nelly ameingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Febronia akaja dukani, akakaa kwenye mfuko wa mbolea, akaniambia jambo hili linaisha kwa sentensi moja. Nipige simu Didia, niseme nilikatwa tumbo, nimepona, basi. Nikamwambia nitafikiria. Akasema nisifikirie, kila nikifikiria kuna kitu kinavunjika. Akaufungua mkoba atoe leso, akatoa ufunguo wa kabati la marehemu mama, akautazama kwa karibu.

Nimelala sebuleni.

Jumapili, 11 Mei

Kwenye Misa nimeombewa kwa jina. Nia iliandikishwa na Donatus. Padri akasema tumkumbuke ndugu yetu Apolinari katika kipindi hiki kigumu, na kanisa zima likageuka kuangalia benchi letu. Nikatabasamu kuonyesha afya. Nimeambiwa baadaye kwamba meno yangu yanaonekana marefu.

Nikaona njia ni moja. Watu wanaamini macho. Mgonjwa hali, mimi nitakula mbele yao. Donatus alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake mjini, na wageni wawili kutoka Didia walikuwepo. Nafasi imekuja yenyewe.

Nikajipakulia ugali kama wa zamani, nyama, na soda baridi juu yake. Febronia akanikanyaga mguu chini ya meza. Tonge la kwanza lilikwenda vizuri. La pili likafika mlangoni likakuta la kwanza limesimama. Nikalisukuma kwa soda. Gesi ikakosa pa kwenda. Jasho likanitoka, moyo ukakimbia, nikasikia meza inaondoka taratibu. Nikaomba ruhusa nikanawe. Sikufika kwenye maji. Nimefika kwenye maua ya mke wa Donatus.

Wageni wa Didia walisimama mlangoni wakaangalia mpaka mwisho. Mmoja akapiga simu hapohapo.

Febronia alinishika bega mpaka nyumbani na hakusema neno. Akipiga kelele huwa najua pa kuanzia. Akinyamaza namna ile sijui.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimelipata jibu, na nashangaa halikunijia mapema.

Nilivaa jaketi langu la zamani la kuendeshea pikipiki, lile jeusi. Nafasi iliyobaki ndani ingetosha mpangaji. Nikajitazama kwenye kioo nikaelewa: shida ya Bibi Mbuke ni nafasi ile. Ikijazwa, harusi ipo. Na sasa hivi ni msimu wa nini hapa Shinyanga? Pamba. Imejaa kila ghala.

Nimepata gunia moja kwa mkulima ninayemuuzia viuatilifu. Aliniuliza ya nini, nikamwambia mito. Nimeshona mifuko ndani ya jaketi kwa mkono wangu, nyuma ya duka, mlango umefungwa. Tumbo, mgongo, mabega, na miwili ya mapaja ndani ya suruali. Sikusahau shingo. Nimejitazama tena. Nilikuwa mimi kabisa. Kilo mia moja hamsini na moja, ila nyepesi. Karibu nilie.

Jumamosi nakwenda Didia kwa pikipiki. Bibi Mbuke ataniona nimenenepa, nimepanda, naendesha. Sitashuka hata. Nitasalimia kwa honi na kugeuza.

Ufunguo Febronia sasa anaufunga kwenye kanga kiunoni. Lakini fundi wa pikipiki ameniambia kwamba pikipiki ya umri ule inawaka hata kwa bisibisi.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika kitandani. Vidole bado vina matope.

Niliondoka saa nne Febronia alipokwenda kwenye sala za jumuiya. Sikula, kwa sababu mkanda wa tumbo la pamba ukishafungwa haufunguki kwa urahisi. Chupa ya maji nilikuwa nayo, ila ilikuwa ndani ya jaketi, upande wa chini, chini ya pamba. Dakika ishirini za Noela ziliisha sijafika hata nusu. Jua lilikuwa kali. Wanasema pamba humpoza aliyeivaa, hilo nawaachia wataalamu.

Lakini mpaka nakaribia Didia niliendesha vizuri. Naandika hili liwepo mahali. Miaka minne sikuwa nimeusikia upepo ule. Mikono ilikumbuka, miguu ilikumbuka, pikipiki ikawa inaimba chini yangu, na kwa muda fulani sikuwa namfikiria Donatus wala mtu mwingine.

Kisha nikakata kona kuingia njia ya vumbi kuelekea kwao Edson. Njia hiyo inapita juu ya ukuta wa lambo la kunyweshea ng'ombe. Masikio yakaanza kuvuma. Nikaona ng'ombe wawili pale alipokuwa ng'ombe mmoja. Nikapita katikati yao, na katikati yao hapakuwa na njia.

Tuliingia majini polepole. Hiyo ndiyo aibu yake, hata kishindo hakikuwepo. Pikipiki ikakaa kwenye tope ukingoni, mimi nikaendelea mbele kidogo. Maji yalinifika kiunoni nikiwa nimekaa. Nikajaribu kusimama. Pamba ilikuwa inakunywa. Niliisikia ikinywa. Kila nilipopumua niliongezeka. Kilo zangu zote hamsini na nne zilirudi ndani ya dakika mbili, na sijui ngapi zaidi zilizokuja kwa matembezi.

Wachunga ng'ombe wakaita watu. Wanaume wanne wakanivuta wakashindwa. Ikabidi waje maksai wawili wa kulimia. Wakanifunga kamba chini ya makwapa, maksai wakavuta, nikatoka lamboni kwa mgongo. Zipu ikapasuka njiani. Nilipofika nchi kavu nilikuwa nimeacha mstari mweupe nyuma yangu, na mwisho wa mstari ule walisimama watu wa ukoo wa Edson, mbele yao Bibi Mbuke na fimbo yake.

Akaniangalia kwa muda mrefu.

"Mkwe," akasema, "mbona unatoka pamba?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatoka pamba?"

Nikasema ni kwa ajili ya baridi. Watu wakatazama jua. Bibi Mbuke akaagiza nivuliwe kabla sijafa ndani ya godoro. Wakanivua jaketi, wakanivua shati, na tumbo langu likakaa wazi mbele ya ukoo mzima pamoja na makovu yake matano madogo.

Akainama, akagusa moja kwa kidole. "Mayu wane, mama yangu wee. Nani amekutoboa hivi?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu. Nilianza na wa majambazi. Lakini kichwa kilikuwa kinazunguka, mtu ameshika kikombe cha uji mdomoni kwangu, na ule uso wa mama mzee ulikuwa karibu sana. Nikasema yote. Unene, sukari, presha, Dar, tumbo kukatwa, semina ambayo haikuwepo. Nikasema na ahadi ya Nelly. Sikuwa nimepanga kusema ahadi ya Nelly.

Ng'ombe tu wanakunywa.

"Kwa hiyo huumwi," akasema Bibi Mbuke.

"Siumwi, mama. Nimepona."

"Basi kilichokuwa kinaumwa ni kichwa."

Wakacheka. Walicheka mpaka wenye maksai wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alingoja wamalize, akaniambia taratibu kwamba alimzika mume wake siku tatu baada ya kuozesha binti yake wa kwanza, na yule binti mpaka leo haipendi siku ya harusi yake. Ndiyo maana aliogopa. Hakuwa anatukataa. Kama ningepiga simu, angejibu simu.

Donatus ndiye aliyenirudisha mjini, nyuma ya pikipiki yake, nimefungwa kanga ya Bibi Mbuke, pikipiki yangu ikibaki Didia kukaushwa. Taa za tairi zilikuwa zinawaka njia nzima.

Jumatatu, 19 Mei

Febronia ameanza kuongea. Nilitamani siku moja zaidi ya ukimya.

Noela amenipima. Niko salama, maji yalipungua mwilini, misuli imechoka. Akauliza kama nilikunywa maji njiani. Nikasema yalikuwepo mengi. Hakupenda jibu.

Jioni Nelly alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Ana miaka ishirini na sita, na bado anakaa vilevile, miguu haigusi chini. Nikatania kidogo. Hakutaka utani.

"Baba, wakati uko Dar nilikuwa nashika simu usiku na mchana. Ulijua?"

Nikasema sikujua.

"Ulikatwa tumbo ili uishi. Halafu ukajaza pamba ili uonekane. Mimi ile ahadi ya msafara nilishaisahau. Wewe ndiye unayeikumbuka."

Nikamwuliza basi anataka nini siku ile. Akasema anataka nifike kanisani nikiwa mzima na mkavu.

Alipotoka nilichukua daftari. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu mimi nikiyakumbuka baadaye nitayapunguza.

Jumapili, 25 Mei

Nelly ameolewa.

Mambo yalikwenda hivi. Bibi Mbuke alimpigia simu Febronia, wakaongea wao, na wakamwongeza Noela kwenye mazungumzo. Mimi sikuulizwa. Wakaamua msafara uongozwe na Donatus kutoka Shinyanga, bibi harusi akiwa kwenye gari. Mimi nitoke na pikipiki yangu kwenye njia panda ya Didia mpaka kanisani tu. Dakika nane. Nimeshakula. Helmeti mpya, inayonitosha. Na Nelly akikubali, apande nyuma yangu.

Alikubali. Alishuka kwenye gari pale njia panda, akakusanya shela lote mapajani, akanishika kiunoni. Mikono yake ilikutana mbele. Miaka yote aliyokuwa akinikumbatia haikuwahi kukutana. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, nakufikia." Nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

Tulikwenda mwendo wa kinyonga. Donatus aliendesha ubavuni mwangu na chupa ya maji, kwa amri ya Bibi Mbuke, na kila tukitembea kidogo anapiga honi ninywe. Nilikunywa. Watu walidhani ni mila za Ushirombo, kwao Febronia. Tulipopita lambo watoto walipiga makofi. Nikapunga mkono mmoja, Nelly akanibana mbavu, nikaurudisha.

Nilimfikisha mlangoni nikiwa mzima na mkavu. Donatus akanisaidia kuweka stendi. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba niliendesha vizuri. Nami nikamwambia taa zake si mbaya sana. Imetosha kwa siku moja.

Alhamisi, 29 Mei

Jambo dogo tu.

Kwenye sherehe walikuwepo shemeji zangu kutoka Ushirombo, kaka zake Febronia, ambao hawakuwa wamesikia habari za lambo. Waliniuliza nimekondaje. Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua kabisa mdomo kuusema. Lakini Donatus alikuwa amesimama pale akisimulia jinsi alivyokwenda na pikipiki mpaka Geita na kurudi siku ileile, na mdomo wangu ukatoa kitu kingine. Nilisema nimekonda kwa mazoezi. Mazoezi ya nini, wakauliza. Nikasema ya kwenda Shinyanga mpaka Ushirombo kwa pikipiki bila kupumzika.

Leo wamepiga simu. Wamechagua Jumamosi ya wiki ijayo. Ng'ombe ameshapatikana. Kwaya itasimama barabarani. Donatus amesema atakuja kushuhudia, akitangulia kwa basi.

Febronia hajui bado. Noela hapaswi kujua.

Nimekaa dukani nikafikiri vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyejifunza. Kuna dereva wa lori la mashudu ya pamba anayepita hapa kila wiki kuelekea huko. Pikipiki itapanda lori, na mimi nitakaa mbele na chupa yangu ya maji, nikinywa funda kwa funda kama nilivyoagizwa. Tukishapita Masumbwe, karibu na Ushirombo, atanishusha vichakani. Kilomita zilizobaki nitaendesha mwenyewe.

Vumbi nitajipaka kabla ya kona ya mwisho.